Uzi: Tuache kuanzia kwa Bryan. Wakulima wa Marekani, daftari la duka na vita ya pesa, 1862 hadi 1896

GhalaLaKata (mwanzisha uzi)

Wakuu, kila mjadala wa pesa za Marekani karne ya 19 unaanza na kuishia kwa William Jennings Bryan, mgombea urais, na hotuba yake ya Chicago, Julai 1896. Huo ni mwisho wa habari. Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili mnipinge vizuri: madini ya fedha, yaani kudai sarafu zake zifuliwe bila kikomo ili pesa iongezeke, yalikuwa hoja dhaifu kuliko zote walizokuwa nazo wakulima wale. Hoja nzito ilikuwa mkopo. Nani anakukopesha Machi, kwa riba gani, na nani anaondoka na pamba yako Novemba.

Kabla ya kwenda mbali, angalizo la lugha. Kwetu "fedha" ni madini na ni pesa kwa wakati mmoja, tusipoangalia tutachanganyana. Humu nikisema fedha, ni yale madini meupe. Kinachotembea mikononi mwa watu nitakiita pesa. (Wapiga debe wa 1896 wangeipenda sana lugha yetu.)

Sasa Kusini baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Sheria za benki za taifa za 1863 na 1864 zilitaka mtaji usiopungua dola 50,000 hata kwa mji mdogo, na zikakataza benki hizo kukopesha kwa dhamana ya ardhi. Noti za benki za majimbo zikapigwa kodi ya asilimia 10 na zikafa. Matokeo yake kaunti nyingi za pamba hazikuwa na benki hata moja. Mkopeshaji aliyebaki ni mwenye duka.

Utaratibu ulikuwa hivi. Machi mkulima anaingia dukani, anasaini rehani ya mazao ambayo hata hayajapandwa. Kuanzia siku hiyo anachukua unga, nyama ya nguruwe, mbolea na kamba kwa kuandikiwa. Duka lina bei mbili, ya taslimu na ya daftari. Chukua mfano wa bidhaa ya dola 5 taslimu inayoandikwa dola 6.50. Ikichukuliwa Mei na kulipwa Novemba, hiyo ni asilimia 30 kwa miezi sita, sawa na 60 kwa mwaka, na hakuna mahali neno riba limeandikwa. Mwenye duka wa pili hamgusi mkulima huyo, kwa sababu mazao tayari yana mwenyewe. Na anaambiwa apande pamba, si mahindi, maana pamba haiozi na haimlishi mtu aliyeilima.

Novemba pamba inachambuliwa, robota linakwenda kwa mwenye duka, kwa bei ya msimu ambao kila mtu anauza. Deni lisipofutika linasukumwa mwaka unaofuata, kwa duka lile lile. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 ratili moja ilikuwa kama senti 10. Mwaka 1894 ilikuwa chini ya senti 5. Robota la ratili 500 lilitoka dola 50 likawa chini ya 25, na deni liliandikwa kwa dola, halikuandikwa kwa marobota.

BiRehani

Nakazia, ila Magharibi mambo yalikuwa tofauti kidogo, na wengi wanaichanganya Kansas na Georgia.

Kansas, Nebraska na Dakota walikopa kwa rehani ya shamba kutoka kwa wenye mitaji wa Mashariki, kupitia mawakala. Riba ya asilimia 8 hadi 10, na wakala anakata kamisheni yake juu. Wanyama na mitambo vilikuwa na rehani yao tofauti, ya muda mfupi na ghali zaidi. Mvua ikawa nzuri katikati ya miaka ya 1880, bei ya ardhi ikapaa, watu wakakopa kwa thamani ile ya kupaa. Ukame ukaanza 1887.

Kuna hesabu moja inapendwa sana na naomba tuitumie kwa adabu. Ngano mwaka 1881 ilikuwa dola 1.19 kwa busheli, mwaka 1894 senti 49. Deni la dola 1,000 lilihitaji busheli 840 kwa bei ya kwanza na zaidi ya 2,040 kwa bei ya pili. Hesabu ni sahihi, lakini rehani za huko zilikuwa za miaka mitatu hadi mitano, si kumi na mitatu. Aliyekopa 1881 hakuwa analipa deni lile lile 1894 isipokuwa alilihuisha, na kila akihuisha analipa kamisheni upya. Maumivu yalikuwa kwenye kuhuisha. Baada ya 1887 mitaji ya Mashariki ilikimbia, na rehani iliyofika mwisho haikuwa na wa kuihuisha.

kijana_wa_leja

Samahani wakuu, nipo siti ya mbele lakini nimeachwa. Zile noti za kijani zinaingia wapi? Na kwa nini wengine walitaka noti na wengine fedha?

Noti1862

Mdogo wangu, hapo ndipo penye mzizi.

Sheria ya 25 Februari 1862 iliruhusu serikali kutoa noti zisizobadilishwa kwa dhahabu, ndizo hizo za kijani. Kwa awamu tatu idhini ilifika dola milioni 450. Zilikuwa halali kwa deni lolote isipokuwa ushuru wa forodha na riba ya hatifungani za serikali, hivyo viwili vilitaka dhahabu. Kiangazi cha 1864 dola moja ya dhahabu ilikuwa inanunua zaidi ya dola mbili na nusu za noti.

Fikiria sasa mtu aliyenunua hatifungani kwa noti zilizoshuka hivyo. Machi 1869 Bunge likaahidi kwamba hatifungani zitalipwa kwa dhahabu. Mkulima aliyepigana vita na kulipwa kwa noti aliona wazi nani kapewa kipi.

Baada ya vita noti zilianza kuondolewa mzungukoni, zoezi likasimamishwa 1868. Sheria ya Januari 1875 ikaweka tarehe: kuanzia 1 Januari 1879 noti zibadilishwe kwa dhahabu. Mwaka 1878 kiasi kikagandishwa kwenye dola 346,681,016. Nchi inakua, reli zinaongezeka, noti zimegandishwa. Na noti za benki za taifa, ambazo zilidhaminiwa na hatifungani za serikali, zikapungua kutoka zaidi ya milioni 300 mwanzoni mwa miaka ya 1880 hadi chini ya 200 mwaka 1891, kwa sababu serikali ilikuwa inalipa deni lake na hatifungani zikawa adimu na ghali.

Watu wa noti walisema hivi: pesa ni agizo la serikali, kiasi chake kifuate watu na biashara, si bahati ya mchimbaji. Chama chao kilipata karibu kura milioni moja katika uchaguzi wa Bunge wa 1878. Mgombea wao wa urais wa 1880, James B. Weaver, alipata kama laki tatu tu. Mkumbuke jina hilo, anarudi.

Watu wa fedha walikubali kwamba pesa iwe madini, ila yawe mawili, dhahabu na fedha. Kwa macho ya mtu wa noti, huko ni kumbadilisha bwana tu.

MizaniYaSonara

Tuweke uzito mezani basi, maana "16 kwa 1" inaimbwa na watu wasioijua.

Dola ya fedha ilikuwa na greni 371.25 za fedha safi, kama gramu 24.06. Dola ya dhahabu greni 23.22, kama gramu 1.505. Gawanya, utapata 15.99. Ndiyo 16 kwa 1 yenyewe.

Sheria ya 12 Februari 1873 iliiondoa dola hiyo ya fedha kwenye orodha ya sarafu, na baadaye ikabatizwa "jinai ya 1873". Kinachosahaulika ni kwamba siku ile fedha ndani ya dola moja ilikuwa na thamani ndogo tu juu ya dola ya dhahabu. Hakuna mwenye akili aliyepeleka fedha yake kiwanda cha sarafu apewe pungufu. Kwa hiyo sarafu iliyofutwa ilikuwa karibu haipo mikononi mwa watu, na wabunge wengi hawakushtuka. Hata hivyo siwezi kusema wote hawakujua. Maofisa wa Hazina, Linderman akiwa mmojawapo, waliona mapema kwamba fedha itashuka.

Ikashuka kweli. Ujerumani ikahamia dhahabu na kuuza fedha yake, Nevada ikamwaga fedha mpya, Ufaransa na wenzake wakabana ufuaji wa sarafu za fedha kuanzia 1874. Miaka mitatu baadaye mkulima akageuka nyuma na kuona mlango umefungwa wakati yeye sasa ndiyo angeutaka.

GhalaLaKata

Asanteni. Narudi kwenye kiini, Muungano wa Wakulima, umoja wao wa ushirika.

Ulianzia Lampasas, Texas, mwishoni mwa miaka ya 1870. Mwaka 1887 Charles Macune na wenzake wakaanzisha ghala la ushirika la jimbo zima huko Dallas, ili wanunue kwa jumla na wauze pamba moja kwa moja kwa wanunuzi wa mbali. Kila mwanachama aliombwa dola 2 za mtaji, zikaingia chache mno. Na tatizo lilikuwa lile lile: mkulima hana taslimu hadi Novemba.

Wakaja na hati ya pamoja. Wanachama wa tawi wanaorodhesha mahitaji ya mwaka, kila mmoja anaeleza ana ekari ngapi na anatarajia pamba kiasi gani, kamati inahakiki, halafu wote wanasaini hati moja na kila mmoja anawajibika kwa deni la wote. Wenye ardhi walisaini pamoja na wasio nayo. Ghala likazipeleka hati hizo benki kama dhamana ya kununulia bidhaa. Benki zikakataa, na bidhaa zilikuwa zimeshaagizwa. Tarehe 9 Juni 1888 wakulima wakakusanyika kwenye mahakama za kaunti kote Texas kuchangia, ikawasogeza kidogo tu. Mwaka 1889 ghala likafa.

Hapa ndipo Macune akafikia hitimisho ambalo kwangu linazidi mjadala wote wa madini. Ushirika bila chanzo chake cha pesa ni duka lingine linalosubiri hisani ya benki. Desemba 1889, St. Louis, akatoa mpango wa hazina ndogo:

Serikali kuu ijenge ghala katika kila kaunti inayouza mazao ya zaidi ya dola 500,000 kwa mwaka. Mkulima analeta zao lisiloharibika haraka, linapimwa na kupangwa daraja. Anapewa noti mpya halali za serikali kwa asilimia 80 ya bei ya soko, riba asilimia 1 kwa mwaka, pamoja na gharama za kutunza na bima. Ana miezi 12. Akiuza stakabadhi, mnunuzi analipa deni na kuchukua mzigo. Muda ukipita, serikali inauza kwa mnada. Noti zikirudi, zinaharibiwa.

Weka namba. Robota la ratili 500 kwa senti 7 ni dola 35. Anapata dola 28 mkononi Novemba, analipa duka kwa bei ya taslimu. Mei bei ikiwa senti 9, robota ni dola 45. Anarudisha 28 na senti kama 14 za riba ya nusu mwaka, anaondoa gharama za ghala, kinachobaki ni chake. Msimlinganishe na yule wa asilimia 60.

Na ona ujanja wake: pesa inaongezeka wakati wa mavuno, inapungua mazao yakinunuliwa. Kila vuli benki za mashambani zilikuwa zinavuta akiba zao kutoka New York ili kusafirisha mazao, pesa inabana, bei inaanguka. Mpango ulilenga hapo hapo.

kijana_wa_leja

Mkuu, hiyo si ndiyo stakabadhi ghalani ya korosho?

GhalaLaKata

Ghala na mnada vinafanana. Tofauti ni nani anatoa pesa. Kwetu stakabadhi ni dhamana, na mkopo unatoka kwa benki kwa riba ya benki. Macune alitaka stakabadhi yenyewe izae noti mpya. Zao linakuwa akiba inayoisimamia pesa, mahali pa dhahabu.

BiRehani

Mkuu umeipamba. Ngoja niioneshe nyufa zake, na nasema haya nikiwa naipenda.

Mpangaji asiye na ardhi analetaje pamba ghalani wakati ina rehani tangu Machi? Mwenye rehani ana haki ya kwanza, kwa hiyo stakabadhi inaingia mkononi mwa mwenye duka, naye ndiye anayekopa kwa asilimia 1. Bila kuvunja sheria za rehani za majimbo, faida kubwa inakwenda kwa mwenye shamba lake na mwenye duka. Ghala halikopeshi kitu Machi, ambapo njaa ndipo ilipo.

Kaunti ndogo zinabaki nje kwa kile kigezo cha 500,000.

Pamba ilikuwa na nafasi, kwa sababu dunia ilitegemea sana ya Marekani. Ngano haikuwa hivyo. Bei yake ilipangwa Liverpool, na Urusi, India na Argentina hazisubiri ghala la Nebraska lifunguliwe. Ukiizuia miezi kumi na bei isipande, mnada wa serikali unamwaga mzigo wote mwezi ambao mavuno mapya yanaingia.

TawiLaHouston

Hakuna aliyegusa wakulima weusi hadi sasa, na bila wao hesabu ya pamba haikamiliki.

Muungano wa Wakulima wa Rangi ulianzishwa kaunti ya Houston, Texas, Desemba 1886, kwa sababu ule wa Kusini, wa akina Macune, ulikuwa wa weupe pekee. Msimamizi wake mkuu alikuwa mchungaji mweupe, R. M. Humphrey. Wengi wa wanachama walikuwa wapangaji na vibarua wa kuchuma. Hapo maslahi yanagongana: mkulima mweupe mwenye shamba anataka bei ya pamba ipande, mchumaji anataka ujira upande.

Septemba 1891 Humphrey aliitisha mgomo wa wachumaji, wakidai dola 1 kwa ratili 100, takriban mara mbili ya walichokuwa wanalipwa. Leonidas Polk, rais wa Muungano wa weupe, aliwaambia wanachama wake heri waiache pamba shambani. Mgomo ulishika hasa kaunti ya Lee, Arkansas, chini ya Ben Patterson. Ulizimwa kwa bunduki, Patterson akauawa, na wengine wakanyongwa na genge. Tukisifu umoja wa hati ya pamoja, tukumbuke uliishia wapi.

MizaniYaSonara

Sasa miaka ya 1890, mnyororo usio na mwisho.

Sheria ya Julai 1890 iliitaka Hazina inunue wakia milioni 4.5 za fedha kila mwezi na kulipa kwa noti mpya zinazobadilishwa kwa dhahabu au fedha. Hazina ikachagua kutoa dhahabu, kuogopa kwamba ikitoa fedha dola itashuka. Kwa hiyo unapeleka noti, unapewa dhahabu, unaisafirisha. Serikali inalipa matumizi kwa noti ile ile, inarudi tena dirishani. Noti za kijani nazo, kwa sheria ya 1878, hazikuruhusiwa kuondolewa zikisharudi. Akiba ya dhahabu iliyochukuliwa kuwa kiwango cha chini ilikuwa dola milioni 100. Aprili 1893 ikavuka kwenda chini.

Halafu pigo likatoka upande wetu wa bahari. Tarehe 26 Juni 1893 India ilifunga viwanda vyake vya sarafu kwa fedha ya watu binafsi. Rupia ile ile iliyokuwa ikitembea Zanzibar na Mombasa. Mnunuzi mkubwa wa fedha duniani akaondoka sokoni, bei ikaporomoka ndani ya siku chache, migodi ya Colorado ikafungwa. Novemba Marekani nayo ikafuta ununuzi wake. Februari 1895 akiba ilikuwa kama milioni 41, na Rais Cleveland akaingia mkataba na J. P. Morgan na August Belmont walete wakia milioni 3.5 za dhahabu, angalau nusu kutoka Ulaya. Kwa mkulima, hilo lilikuwa tangazo rasmi la nani anaongoza.

Na wakia ya fedha ilipofika kama senti 68 mwaka 1896, dola ya fedha ilikuwa na madini ya senti 53 hivi. Kufua bila kikomo kwa 16 kwa 1 maana yake dhahabu inatoroka na nchi inakaa kwenye fedha kama Mexico. Bei zingepanda, sikatai. Lakini rehani nyingi zilikuwa na kifungu cha "kulipwa kwa sarafu ya dhahabu". Mdaiwa wa aina hiyo angeuza ngano kwa dola nyepesi na kulipa kwa nzito.

GhalaLaKata

Asante kwa kunisaidia kesi yangu. Chama cha Watu, chama cha siasa kilichotokana na miungano ya wakulima, kilipotoa ilani yake Omaha, 4 Julai 1892, fedha ilikuwa kifungu kimoja tu. Kulikuwa na hazina ndogo, pesa isiyopungua dola 50 kwa kila mtu (zilikuwa 20 na ushee), kodi ya mapato inayopanda, reli za umma. Weaver, yule yule, akiwa mgombea wao wa urais, alipata zaidi ya kura milioni moja na kura 22 za wajumbe wanaomchagua rais.

Mwaka 1896 Chama cha Demokrasia kikachukua kile kifungu cha fedha na kumsimamisha Bryan. Chama cha Watu kikakutana St. Louis wiki mbili baadaye, kikamkubali Bryan na kukataa makamu wake, Arthur Sewall wa Maine, mwenye meli na rais wa benki. Wakamweka Tom Watson wa Georgia. Mgombea mmoja wa urais, makamu wawili. Majimbo yakaanza kugawana orodha za wajumbe kwa mapatano ya vichochoroni, na Watson akaambulia kura 27 kati ya 176 za Bryan. McKinley wa Republican, aliyeshinda, 271.

BiRehani

Ongeza na hili: vuli ile mavuno ya India yaliharibika, ngano ikapanda Chicago wiki za mwisho kabla ya kura, wakati fedha imelala chini. Wapiga debe walikuwa wamemwambia mkulima miaka mitatu kwamba ngano na fedha zimefungwa kamba moja. Kamba ikakatika Oktoba.

kijana_wa_leja

Na mpango wa Macune uliishia makabatini?

Noti1862

Sehemu yake ilifufuka. Mwaka 1916 ikaja sheria ya ghala za mazao zenye leseni. Mwaka 1933 serikali ya Roosevelt ikaanzisha shirika la mikopo ya mazao: pamba ikakopeshewa senti 10 kwa ratili, bei isipofika hapo mkulima anaacha mzigo ghalani na deni linaisha. Macune alikuwa bado hai.

TawiLaHouston

Na mkataba wa kupunguza pamba mwaka ule ule ulisainiwa na mwenye ardhi, malipo yakapitia kwake. Alipotakiwa kupunguza ekari, alianza na zile alizolima mpangaji.